Maji Yanayokataa Kushuka

Ninyi vijana mnaotengeneza friji hapa Busia, upande huu wa mpaka na upande ule, siku hizi nawajua kwa sauti tu. Macho yangu yamekwisha. Presha ya macho ilianza na la kushoto, nikajidanganya kwamba moja linatosha kusoma rangi za nyaya, kisha la kulia nalo likafuata. Mkipita mbele ya kibaraza changu na mitungi yenu ya gesi mnaniita, "Mzee Obbo, uko?" Nami huwajibu kwamba niko, ingawa sina hakika sana.

Nimeifanya kazi hii tangu misheni zilipokuwa bado zina friji za mafuta ya taa. Sasa kilichobaki ni mdomo, basi nitautumia. Mtanisamehe nikiruka huku na huku. Tena msitegemee maneno ya kuwatia moyo, maana huo moyo wenyewe nimeishiwa. Nilikaa miezi mingi nikisikiliza friji moja ikifa kidogo kidogo jikoni kwangu, ugonjwa wake naujua, na mwenyewe sikuweza kuutibu. Ndani ya friji hiyo kuna dawa ya sukari ya mke wangu Athieno. Wenye busara walisema mganga hajigangi, lakini hawakusema inauma namna gani.

Ugonjwa wenyewe mnaujua, ila wengi wenu mnaudharau. Friji hizi za siku hizi, ambazo muuzaji hukuapia kwamba hazigandi, zinaganda kila siku, ila zinajificha. Nyuma ya ukuta wa freeza kuna mabomba ya baridi, na mabomba hayo hushika ukungu kila mlango unapofunguliwa. Mara kwa mara hita inawaka, ukungu unayeyuka, maji yanateremka kwenye kijitundu kilicho sakafuni mwa freeza. Kutoka hapo yanapita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye trei iliyo juu ya kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Mwenye friji haoni chochote, na ndiyo maana hajui kama kuna kijitundu mpaka siku maji yatakapokataa kushuka.

Yakikataa, yanaganda palepale mlangoni pa tundu. Hita ikiwaka tena, maji mapya yanakuta barafu, nayo yanakaa juu yake na kuganda. Sakafu ya freeza inavimba. Baadaye maji yanatafuta njia nyingine, yanateremkia kwenye friji ya chini, yanalowesha sukuma wiki, na mwenye nyumba anamgombeza mtoto kwamba kamwaga maji. Nimeamua kesi nyingi za watoto waliochapwa bure kwa ajili ya kijitundu.

Palikuwa na mama mmoja mwenye baa karibu na mahali malori yanapopanga foleni kuvuka mpaka. Barafu ilipomjaa aliona kumwita fundi ni kupoteza siku, akachukua kisu cha kukatia nyama. Akanipigia simu akiwa mtulivu kabisa. "Fundi, friji imeanza kupiga mluzi."

Nikamwuliza mluzi gani.

"Mluzi ya kawaida. Kama mtu naita ng'ombe."

Nilipofika, gesi yote ilikuwa imeshakwenda zake na mama ameweka sufuria chini ya friji akingoja imwagike. Nilimwambia hiyo si ya kumwagika. Aliniangalia kwa huruma, akafunika sufuria kwa sahani, akaniambia tungoje kidogo. Athieno alipenda sana nimsimulie habari ile, na kila nilipoisimulia alidai nimeongeza kitu, hasa ile sahani.

Msichome barafu kwa kisu. Msimwage chumvi pia. Kule Masafu nilikuta friji iliyomwagiwa chumvi ya kulambisha ng'ombe, mabomba yameoza, nikaifunga mlango na kumpa mwenyewe pole kama mtu aliyefiwa. Barafu inataka maji ya vuguvugu na subira. Lakini hata hayo maji ya vuguvugu yana udanganyifu wake, na ndicho kisa cha mimi kuandikisha maneno haya.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Wandera, Msamia wa Buhehe, mtu mrefu aliyefanya mambo polepole mpaka kuudhi. Ukimletea friji, kwanza anavuta kigoda, anakaa mbele yake na kunyamaza. Wateja walidhani anaiombea. Alikuwa anasikiliza: feni inaanza lini, hita inawaka lini, maji yanadondoka wapi. Mimi nilikuwa kijana kutoka Iyolwa, nina haraka, nataka kushika bisibisi. Aliniambia, "Obbo, wewe unakwenda haraka sana. Friji hapana kimbia. Iko hapa mpaka kesho."

Siku moja tuliitwa Tororo, kwa mwenye duka aliyekuwa akiuza maziwa. Friji yake ilikuwa imeshapitia mikono ya mafundi wengi. Huyu kabadilisha hita, yule kabadilisha taima, mwingine kaongeza gesi isiyohitajika. Kila mmoja alimwaga maji ya moto kwenye kijitundu, akayaona yakienda, akalipwa, akaondoka. Baada ya wiki barafu imerudi. Mwenye duka alikuwa amefikia hatua ya kumshuku jirani yake kwa uchawi, na alituambia hivyo waziwazi, jirani mwenyewe akiwa amesimama pale na bilauri ya maziwa mkononi.

Wandera hakufungua freeza. Alivua koti lake, akalikunja, akalalia tumbo kwenye sakafu ya duka na kuingiza kichwa nyuma ya friji. Tulimwona miguu tu. Akaomba koleo, akavuta kitu, akainuka na kukiweka juu ya kaunta: kipande cha gunzi la mahindi, cheusi, kimevimba kwa maji.

"Hii ndiyo spea yenyewe," akasema.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna chuo kitakachowafundisha, kwa sababu ni la hapa kwetu. Friji nyingi za hapa ni mitumba na zimevuka mpaka kwa baiskeli. Mbebaji huilaza friji ubavu juu ya keria, anaifunga kwa mipira ya tairi, anaisukuma kwenye njia za panya. Sasa friji iliyotumika haikosi maji machafu ndani ya ule mpira, maji ya nyama na samaki wa mtu usiyemjua, na ikilazwa yanamchuruzikia mbebaji mgongoni njia nzima. Mtu wa huku akitaka kuziba kitu anafanya nini? Kibuyu cha maziwa tunakiziba kwa gunzi. Jerikeni iliyopoteza kifuniko tunaiziba kwa gunzi. Basi mbebaji anaokota gunzi, anakata kipande, anakikandamiza kwenye mdomo wa mpira, safari njema. Akifika anasimamisha friji, anapokea ujira wake, anaondoka, na gunzi linabaki kazini.

Sasa sikilizeni ubaya wa gunzi. Kama angeziba kwa mfuko wa plastiki, maji yasingepita kabisa na fundi yeyote angejua. Gunzi linapitisha maji, ila kwa shida. Ukimimina maji ya moto juu, mengi, yenye nguvu, yanasukumana mpaka yanapenya, nawe unasema njia iko wazi. Lakini maji ya hita ni matone. Tone moja moja halina nguvu ya kusukuma gunzi. Linasimama ndani ya mpira, jingine linasimama juu yake, safu inapanda mpaka kwenye kijitundu kilicho katika baridi, na hapo inaganda. Wandera alinipa kanuni fupi: friji iliyovuka mpaka, anzia chini. Angalia trei. Kama friji inafanya kazi, hasa majira ya mvua, na trei ni kavu, maji hayafiki, na hata kama juu yanaonekana kupita usidanganyike.

Wandera alikufa zamani. Alizikwa Buhehe, na mafundi wote wa mji walikuja na nguo za kazi, kwa sababu aliwahi kutuambia kwamba akituona na suti atadhani tumeacha kazi. Nilimlilia kama baba. Siku hizi namlilia kwa sababu nyingine, kwamba alichonipa hakikupata pa kwenda. Nilifundisha vijana kadhaa. Mmoja anaendesha lori, mwingine anauza simu, na waliobaki kwenye friji walijifunza kujaza gesi wakasema inatosha.

Friji yetu ya zamani ilipokufa, binti yetu Akoth, ambaye yuko Kampala, alitutumia pesa tukanunua nyingine. Ilikuja kutoka ng'ambo ya mpaka kwa baiskeli, imelazwa ubavu. Nilisikia mbebaji akihema mlangoni. Nilipapasa milango, nikabana mpira wa mlango kwa vidole, nikasikiliza kompresa ikianza, sauti nzuri, laini. Nikamwambia Athieno tumepata friji. Kuangalia nyuma sikuweza, na vidole vyangu vya mkono wa kulia viliungua na gesi miaka mingi iliyopita, havisikii kitu chembamba.

Athieno alikuwa ameanza sindano. Dawa yake ni ile inayofanana na maziwa ukiisugua kati ya viganja. Nesi alitueleza mambo mawili: isipate joto, na isigande. Ikipata joto inadhoofika. Ikiganda imekufa, na hata ikiyeyuka haifufuki. Utaona vipande vyeupe vimeshika kwenye kioo, na wakati mwingine hutaona kitu, itupeni tu. Nilimwambia nesi asiwe na wasiwasi, kwamba amempata mgonjwa mwenye mume fundi wa friji. Nilisema kwa majivuno, na watu waliokuwa kwenye benchi walicheka.

Barafu ilianza na masika. Athieno aliniambia kuna maji kwenye rafu, nikajua mara moja. Nikamwita Kevo, kijana wa ng'ambo, ambaye watu wanamsifu. Simsemi vibaya. Ana heshima, alikuja siku ileile, akaniletea na mkate. Akamimina maji ya moto kwenye kijitundu.

"Mzee, maji inapita. Skiza."

Nikasikiliza. "Inapita polepole."

"Inapita lakini."

"Kevo, angalia chini. Angalia trei."

"Hizi model mzee ziko sealed huko chini. Hakuna kitu." Simu yake ikalia, akajibu, akamwambia mtu kwamba ako njiani. "Si unaona imeshaisha yote? Iko poa sasa. Ikisumbua unaniambia tu."

Haikuwa na mfuniko wa kuzibwa hata kidogo. Ina ubao mwembamba wa karatasi ngumu na skurubu, nilikuwa nimeupapasa. Nilimwambia hivyo. Alinijibu, "Sawa mzee," kwa ile sauti ambayo hata mimi nilikuwa naitumia kwa wazee, nikajua kwamba hatainama.

Barafu ikarudi, naye akarudi. Akamwaga maji ya moto, akasema labda ni hita. Akabadilisha hita. Ikarudi tena. Akasema ameangalia video, na kwamba aina hii kuganda ni kawaida yake, tumwambie Akoth anunue mpya. "Siku hizi watu hawatengenezi mzee, wanabadilisha." Nilimwuliza, na mke je, naye anabadilishwa? Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Nilijaribu mwenyewe. Athieno alipokwenda sokoni nilivuta friji kutoka ukutani, nikalala chini kama Wandera, nikaingiza mkono. Badala ya mpira nilishika nyaya, nikachomoa ule wa kuanzishia kompresa, nikashindwa kuurudisha. Friji ikanyamaza. Athieno alinikuta bado nimelala pale sakafuni, uso kwenye vumbi, nikilia. Aliita jirani anayetengeneza redio, naye jirani akarudisha waya, na tangu siku hiyo nikakatazwa kuigusa. Wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sawa, koleo limevunjika, lakini macho ya mhunzi je? Na vidole vyake? Hiyo methali ilitungwa na mtu mzima wa afya.

Ni baada ya hapo dawa ilipoganda. Athieno alikuwa anaiweka kwenye kopo, katikati ya rafu, mahali nilipomwonyesha. Maji yaliyokosa njia yaliteremkia ukuta wa nyuma, pale upepo wa baridi unapotokea kutoka freeza, yakaganda na kuenea juu ya rafu. Asubuhi akakuta kopo limenaswa kwenye barafu. Nilimsikia akihangaika, nikamwuliza kuna nini, akasema, "Hapana kitu, iko sawa." Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa amelikumbatia kopo kifuani kwa kanga, analiyeyusha. Ndani yake mlikuwa na chupa aliyokuwa anaitumia na ile ya akiba.

Hapo ndipo alipoasi. Mnapaswa kuelewa kwamba katika maisha yetu yote Athieno hakuwahi kugusa sanduku langu la vyombo. Aliliita mke mwenza. Alikuwa akilisalimia: "Mwenzangu, umelala salama?" Akifagia analizunguka. Jumapili moja, watu wakiwa kanisani na miguu yake ikimuuma asiweze kutembea mpaka huko, nilisikia sanduku linafunguliwa.

"Baba Akoth, mimi nakwenda kufungua hii kitu. Wewe sema tu."

Nikamwambia ni kazi ya shida.

"Shida gani? Nimezaa watoto. Sema."

"Chomoa plagi kwanza."

"Nimetoa."

"Nyuma, chini, kuna ubao. Tafuta skurubu, zungusha kushoto."

"Kushoto yangu ama ya friji?"

Vijana, nimefundisha watu wengi, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, na lina maana. Tukakubaliana kwamba ni kushoto kwake. Skurubu zilidondoka moja moja kwenye sahani aliyokuwa ameiweka tayari. Nikamwuliza kuhusu trei.

"Naona kama sahani nyeusi, juu ya ile chuma ya duara."

"Ina maji?"

"Iko kavu. Iko na vumbi na mende moja imekufa."

Nikafunga macho yangu yasiyoona. Majira ya mvua, friji inafanya kazi siku zote, na trei ina vumbi. Nilisema haya tangu siku ya kwanza. "Kuna mpira unashuka kutoka juu. Ufuate mpaka mdomoni."

"Nimeona. Nyeupe." Nikasikia koleo likigonga bati. "Iko na kitu kwa mdomo."

"Kitu gani?"

"Ngoja. Inakataa. Ngoja kwanza." Kisha nikasikia sauti ya maji yakimwagika kwa wingi kwenye trei na sakafuni. "Baba Akoth. Ni gunzi."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu sindano zianze. Alicheka mpaka akaketi kwenye maji, akaniwekea lile gunzi kiganjani, bichi, limeoza, na mimi nikacheka naye. Nilimwambia habari ya Wandera na koti lake, akasema anaijua, nimemsimulia tangu tulipooana, kwa nini sikusema mapema. Nilisema. Nilimwambia Kevo kila alipokuja. "Ungeniambia mimi," akasema, na hapo kicheko kikaisha.

Kazi aliimaliza vizuri. Alitoboa kifuniko cha chupa ya soda, akapuliza maji ya vuguvugu kutoka juu mpaka yakashuka bila kusita. Nikamfundisha na ujanja mmoja zaidi wa Wandera, nanyi ushikeni: chukueni waya mnene wa shaba, zungusheni ncha moja kwenye hita, ning'inizeni nyingine ndani ya kijitundu. Hita ikiwaka, shaba inapeleka joto chini na tundu linafunguka kabla maji hayajafika. Aliufunga kwa mikono yake yenye ganzi, akijichoma na kutukana kwa Kidhopadhola, lugha yetu, maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. Kuanzia siku hiyo friji haijaganda. Nakaa karibu nayo kama alivyokaa Wandera, na nasikia hita ikiwaka, kisha matone yakifika kwenye trei.

Hii ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kusimamia, na imekuja dawa ikiwa imekwisha kuganda. Siku iliyofuata tulikwenda kliniki na lile kopo. Nesi akasema zote mbili zitupwe. Athieno akaomba nyingine. Nesi, ambaye ni binti mwema, akashusha sauti, akasema haijaletwa, wagonjwa wote wanangoja, labda mwezi ujao. Duka la dawa lipo, lakini fundi wa friji hana pensheni, na mitungi yangu ya gesi nilishaiuza. Akoth anahangaika huko Kampala, anasema atatuma, na najua atatuma akipata.

Athieno aliitupa ile ya akiba kwa sababu ilipasuka. Nyingine hakuitupa. Alisema, pengine haikuganda yote, pengine ya katikati bado iko hai. Nilimwambia dawa si nyama. Akaniuliza basi nitampa ipi, na mimi sikuwa na ya kumpa.

Kwa hiyo vijana, hali yetu ndiyo hii. Friji ni nzima, baridi yake ni ile ninayoitaka, na katikati ya rafu, mahali panapostahili, limekaa kopo lenye chupa moja. Kila asubuhi anaitoa, anaisugua kati ya viganja, anakwenda nayo dirishani. Namwuliza inaonekanaje. "Kama maziwa," ananijibu. Anajidunga, kisha namsikia akienda kwenye mtungi wa maji, anakunywa, anarudi kunywa tena. Kabla ya mchana amekunywa zaidi ya mkulima aliyetoka shamba. Sihitaji macho kujua maana ya kiu hiyo.

Mwiname, nawaomba. Mlalie sakafu, mwangalie chini, hata kama anayewaambia ni mzee asiyeona na simu zenu zinalia. Mpira ule una urefu wa mkono tu. Kama mtu mmoja angeinama masika yalipoanza, leo ningekuwa naandikisha mambo ya kuchekesha, ya sufuria na sahani.

Leo asubuhi alisimama dirishani muda mrefu kuliko kawaida. Nikamwuliza inaonekanaje.

"Baba Akoth," akasema, "mimi nikikudanganya juu ya hii chupa, wewe utajua?"

Nikamwambia nitajua. Nimeishi naye miaka mingi mno nisijue.

"Basi kesho usiniulize."